Baiskeli Aliyomchagulia Mkwe

Ukitoka Ipinda kwenda Matema, kabla Milima ya Livingstone haijaisogelea barabara, utapita kitongoji cha wakulima wa mpunga na kakao ambacho hakina hata kibao cha jina. Hapo anaishi Mzee Ambilikile na mkewe Kisa. Ni mtu ambaye ukikutana naye njiani utamsalimia na kupita, usijue kwamba umepishana na mtu aliyeumiza kichwa msimu mzima kwa jambo ambalo mimi na wewe tungelimaliza kwa kuuliza swali moja tu.

Alizaliwa Ndandalo. Ujana wake wote aliumalizia juu ya baiskeli. Alikuwa akipanda vijiji vya Busale kununua kakao kwa wakulima, anafunga magunia kwenye keria, anateremka nayo hadi Kyela mjini. Kule chini nchi ni tambarare na kila mtu ana baiskeli, mchungaji anayo, mkunga anayo, mlevi anayo. Lakini baiskeli nzuri na baiskeli mbaya zote hung'aa zikiwa dukani, ndiyo maana watu walikuwa wakimchukua Ambilikile wanapokwenda kununua. Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akafumba macho na kusikiliza. Alibinya spoku mojamoja kama anayekagua mbavu za ng'ombe. Mwisho aliomba gunia la mchele lifungwe kwenye keria, na mwenye duka mwenyewe aendeshe kwenye mawe. Wenye maduka walimwona anakuja wakaguna.

Mtu mmoja tu hakumchukua, naye ni mwanawe Aliko. Aliko alinunua pikipiki bila kumwambia, akaja nayo nyumbani ikiwa imeshafungwa riboni. Alibeba abiria, akaoa, akapata mtoto wa kiume, Raphaeli. Kisha asubuhi moja ya ukungu lori likamgonga kwenye barabara ya Kasumulu. Sisemi kwamba baba yake angeiona ajali ile ndani ya injini kama angeitwa kuikagua. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Ila baada ya mazishi alisema pikipiki hailali tena uwanjani kwake, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Akabaki mjane, Neli, na mtoto wake, katika nyumba ileile ya uani.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya ndugu wa mbali. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao humtazami, naye hakutazami. Wazee wanaita ukutila, yaani kuogopa kwa heshima. Mkwe akisikia baba mkwe anakuja, anaacha njia, anainama, anajifunika kanga. Baba mkwe naye anakohoa kabla hajaingia uani, ampe nafasi. Hawasalimiani, hawatajani majina, na likiwepo neno la kuambiana linapita kwa mtu wa katikati. Siku hizi nyumba nyingi zimeacha. Wapo wazee wanaopanda gari moja na wakwe zao na kuchekea simu moja. Nyumba ya Mzee Ambilikile haikuacha. Neli alitoka Matema kwa Wakisi, watu wa samaki na vyungu, lakini siku ya harusi aliingia katika utaratibu ule, na Aliko alipokufa hakuutoka.

Kwa hiyo mzee alimjua mkwe wake kwa alama. Alijua nyayo zake kwenye vumbi la uani. Alijua anavyozifunika sufuria zikikauka, kubwa kwanza, ndogo juu yake. Zaidi ya yote alijua sauti yake. Jumapili kwaya ya akina mama ikisimama kuimba, mzee huinamisha kichwa kwenye benchi lake la mbele, na ndani ya kwaya ile ipo sauti moja nzito, iliyotulia, ambayo wenzake wote huiegemea. Hiyo ni sauti ya Neli.

Mwaka jana, masika yakiwa yanaanza, mama yake Neli, Bi Janeth, mfinyanzi wa vyungu pale Matema, alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na mguu ukalegea. Watoto wake wengine ni wavuvi, wanaume watupu. Wa kumwosha mama, kumlisha na kumnyoosha vidole kama alivyoelekezwa hospitali alikuwa Neli peke yake. Akaanza kwenda kila siku kwa baiskeli ya zamani ya marehemu. Gari za Matema hutoka zikijaa, na tope likizidi hazitoki. Bodaboda katika nyumba ile haikutajwa. Alikwenda alfajiri akarudi jua likielekea kuzama, amechoka hata kushika mwiko, na shamba la mpunga likaanza kuota magugu.

Kisa ndiye aliyesema. Walikuwa wamekaa barazani wanapasua kakao.

"Baba Aliko, huyu binti atahamia Matema."

"Amekuambia?"

"Hajaniambia. Lakini mimi nina macho."

Mzee akaendelea kupasua. Baada ya muda akauliza, "Na Raphaeli?"

"Mtoto anafuata mama yake. Ulitaka afuate nani?"

Neli na mtoto wakiondoka, cha Aliko kingebaki kaburi lile lililo nyuma ya migomba, basi. Aliyajua hayo bila kuambiwa, na mkewe alijua kwamba anayajua. Wakamaliza kupasua kakao yao.

Wakati huo mjini Kyela palikuwa na duka lililoanza kuuza baiskeli za umeme. Mzee alikuwa ameziona zikipita, zinateleza tu, mpandaji amekaa kama yuko kwenye kiti cha nyumbani. Alizidharau mwanzoni. Sasa akauza kakao ya msimu ule na kwenda kuzitazama.

Muuzaji alikuwa binti mmoja mrefu anayeitwa Brenda, mwenye bisibisi mfukoni na kucha zilizopakwa rangi.

"Ugonile, tata," Brenda alimsalimia. "Karibu. Unataka ya kutembelea au ya mizigo?"

"Nataka isiyolala njiani."

Brenda akacheka. "Zote hazilali, mzee."

"Zote zinasema hivyo. Sasa tuzisikilize."

Ilimchukua asubuhi nzima. Baiskeli za mguu alizijua kama watoto wake, lakini hizi zilikuwa na vitu vitatu ambavyo hakuwahi kuvikagua, betri, mota na waya. Hakuona aibu kuuliza. Aliuliza kama ikichajiwa ikajaa itafika Matema na kurudi. Brenda akamwambia inafika, mradi mpandaji aisaidie kwa pedeli penye tope. Akauliza umeme ukiisha katikati itakuwaje. Brenda akasema inakanyagwa kama baiskeli nyingine, ila itakuwa nzito. Akauliza kama tairi na tyubu zikipasuka, fundi wa pale Ipinda atakuwa nazo. Zipo za namna mbili, Brenda akasema, hizi nene hana, hizi za kawaida anazo. Mzee akaziacha zenye tairi nene hapohapo, pamoja na kwamba ndizo zilizokuwa nzuri kwa macho.

Kisha akachuchumaa. "Maji yakifika hapa?" Aliweka kiganja usawa wa ekseli ya nyuma.

"Mvua haiidhuru, baba. Ila usiizamishe mota."

"Mimi siizamishi. Masika ndiyo yanazamisha. Betri je?"

Baiskeli moja ilikuwa na betri chini, karibu na pedeli. Mzee aliikataa kwa kutikisa kichwa. Nyingine, kubwa, ya gurudumu refu, betri yake ilisimama wima nyuma ya bomba la siti, juu kabisa, na ilichomoka kwa ufunguo ili mtu akaichajie ndani. Bomba la mbele lilikuwa limeinamishwa, mtu aliyevaa kitenge angeweza kupanda. Hiyo aliizunguka mara nyingi. Akaomba gunia la mchele.

"Panda wewe," akamwambia Brenda.

"Mimi nimevaa sketi, mzee."

"Ndiyo maana nataka upande wewe. Atakayeiendesha naye havai suruali."

Brenda akapanda, gunia nyuma, akaenda hadi mwisho wa mtaa kwenye mashimo akarudi. Keria haikuyumba. Breki zilishika. Mzee akainua gurudumu, akafumba macho, na hakusikia kitu cha kumtia wasiwasi.

"Anayeendesha ni nani?" Brenda akauliza akifuta jasho. "Ni mama?"

"Mtu wa nyumbani."

"Ana urefu gani?"

Nadhani mnaona mzee alipofikia. Miguu ya mke wa mwanawe ni jambo ambalo hakuwahi kuliweka hata katika mawazo yake, na kulizungumza mbele ya binti wa watu, dukani, ilikuwa kama kuvua nguo sokoni. Angeweza kurudi nyumbani akamuuliza Kisa, lakini nako kumuuliza mkeo habari za umbo la mkwe wako ni aibu ileile. Akatafuta ndani ya yale anayoyajua. Akaikuta ile sauti ya Jumapili. Mtu mwenye sauti ile, alijiambia, hawezi kuwa mfupi.

"Mrefu," akasema. "Kama wewe hivi."

"Basi hii inamtosha."

Akaipakia kwenye gari la mizigo, akaketi pembeni yake njia nzima akiishika usukani kama anayemshika mtoto asianguke.

Alipofika hakuikabidhi mwenyewe. Aliiegemeza kwenye ukuta wa jiko, akarudi barazani, akakaa akitazama barabara. Kisa alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Neli alikuwa jikoni, na kati ya jiko na baraza ukuta ni wa mianzi, hata mtu akipumua unasikia.

"Mama Aliko," mzee akasema kwa sauti ya kufika mbali, "mwambie mwenye safari ya Matema kwamba hiyo ni yake. Betri ilale ndani kila siku. Asiizamishe kwenye maji."

"Amesikia," Kisa akasema.

"Mwambie, mwe. Usiseme tu amesikia."

Kisa akageukia jiko. "Baba yako anasema betri ilale ndani, usiizamishe kwenye maji."

Kutoka jikoni sauti ile nzito ikasema, "Mama, mwambie baba ndaga fijo. Mungu amwongezee."

"Anasema ndaga fijo, anashukuru sana."

"Nimesikia," mzee akasema, na Kisa akawaangalia wote wawili kwa zamu, mmoja mgongo na mwingine ukuta, akaenda zake kulisha kuku.

Baiskeli ikaanza kazi. Asubuhi mzee alisubiri barazani akiwa ametazama upande wa pili, akasikia kokoto zinasagika kidogo, kisha kimya. Jioni vilevile. Neli alikuwa anarudi mapema sasa, jembe likashikwa, magugu yakapungua. Mzee akaanza kutembea kama mtu aliyelala vizuri. Watu walimuuliza kuhusu baiskeli za umeme naye akawaeleza habari za betri ya juu na betri ya chini, na kwamba wasikubali tairi nene.

Sasa kulikuwa na tofali. Asubuhi moja, Neli alipokuwa ameshaondoka, mzee alipita kando ya jiko akaona tofali la kuchoma limekaa peke yake njiani, mbali na ukuta. Akalirudisha kwenye rundo. Siku ya pili likawa palepale. Akalirudisha. Siku ya tatu akalikuta tena, likiwa na alama ya tope ya kandambili juu yake.

"Mama Aliko, nani anahamisha tofali langu?"

Kisa alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Linatumika."

"Kwa kazi gani?"

"Kupandia."

"Kupandia nini?"

Kisa akaendelea kupepeta, kisha akauweka ungo chini. "Kupandia baiskeli, Baba Aliko. Bila hilo hafiki."

Mzee alilitazama tofali. Lilikuwa tofali la kawaida tu. "Siti inashuka," akasema. "Kuna nati."

"Imeshushwa mpaka mwisho. Ile betri yako ya juu ndiyo inayoizuia isishuke zaidi. Akishapanda hawezi kusimama mpaka apate mahali pa kukanyaga. Darajani kuna ukingo, anasimama. Matema kuna gogo la mtumbwi wa kaka yake, anasimama. Katikati hasimami. Juzi ng'ombe walivuka barabara, akajiangusha kwenye majaruba ya mpunga ili asiwagonge. Kiwiko hiki chote kimechubuka."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua siku ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulitaka niseme nini?" Kisa akasema, na hapa sauti yake ilipanda kidogo. "Nije nikuambie mkwe wako ana miguu mifupi? Wewe ungekaa wapi? Na yeye alinikataza. Alisema zawadi ya baba haisemwi kasoro." Akauchukua tena ungo wake. "Ila jana nimemwona anakunja nguo za Raphaeli. Na hazikuwa za kufua, alikuwa anazitia begini."

Mzee alikaa kwenye rundo la matofali. Mtu aliyewachagulia baiskeli watu wa wilaya nzima alikuwa amemnunulia mtu mmoja wa nyumbani kwake baiskeli ya kumwangusha. Wala hakukosea kwa uzembe. Betri aliichagua ya juu kwa sababu ya maji, gurudumu alilitaka kubwa kwa sababu ya tope, kila kitu alikifikiria. Hakumfikiria mpandaji kwa sababu alikuwa amejifunza kutomfikiria.

Kesho yake alikwenda mjini akamweleza Brenda, kwa kuzungukazunguka, kwamba baiskeli ni nzima ila imemzidi mtu. Brenda hakumcheka. Alisema atambadilishia kwa kuwa haijachakaa, lakini kwa sharti moja.

"Safari hii njoo na mwenyewe, baba. Baiskeli tunampimia mtu, kama nguo vile."

Hilo ndilo neno alilorudi nalo. Akalisema jioni, barazani, akiwa ametazama barabara, Kisa katikati, jikoni moshi unatoka.

"Mama Aliko, mwambie mwenye safari ya Matema kwamba twende mjini. Yeye na wewe mtapanda gari, mimi nitaipeleka ile baiskeli. Akapimwe."

Jikoni mwiko ukawekwa chini.

"Mwambie na hili. Mimi nimeshazeeka. Kama ni huu utaratibu unaomwangusha njiani, niko tayari tuuweke chini. Tutakaa na ndugu, tutaomba mchungaji aje, yaishe. Anitazame, nimtazame, nimwone ni mtu wa namna gani, nimnunulie kitu kinachomfaa. Nyumba nyingi zimefanya hivyo, na hakuna aliyekufa."

Kisa hakuyarudia. Alisimama tu akiangalia mlango wa jiko.

Neli akajibu taratibu.

"Mama, mwambie baba nimesikia, na namshukuru. Lakini mwambie hivi. Aliko hayupo. Kitanda ni kimoja, chumba ni kile, jina langu kanisani wanasema mjane. Kitu kinachonionyesha kila siku kwamba mimi bado ni mke wa nyumba hii ni hicho. Nikimsikia baba anakohoa nikainama, najua mimi ni nani. Nikisimama mbele yake nikamtazama kama mtu aliyekuja kuuza samaki, nitakuwa nimekaa hapa kwa sababu gani? Heri niende kwa mama yangu."

Kisa akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Umesikia?" akamuuliza mumewe.

"Nimesikia."

"Basi mimi sirudii."

Mzee alikaa mpaka moshi wa jikoni ukaisha. Kisha akasema, si kwa sauti ya kufika mbali, "Mwambie hatutaweka kitu chini. Lakini mjini tutakwenda. Nitajua pa kutazama."

Wakaenda. Brenda alipowaona wanakuja kwa makundi mawili, mzee kutoka upande wa soko na akina mama kutoka upande wa stendi, alidhani hawajuani. Mzee aliingia kwanza, akaiegemeza ile baiskeli mlangoni, akapita moja kwa moja hadi ukutani zilipotundikwa tairi, akasimama akizitazama. Neli akaingia nyuma yake, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi. Kisa akamnong'oneza Brenda maneno mawili matatu, kisha akatoka kwenda kukaa kivulini kwa sababu ya miguu yake inayomuuma.

"Mzee," Brenda akasema, "sasa utakagua vipi ukiwa umegeukia ukuta?"

"Wewe ni macho. Mimi nitakuwa masikio. Anza na ile ya gurudumu dogo."

Brenda alitaka kutabasamu, akamtazama Neli, akaacha. Akaileta baiskeli ya gurudumu dogo, betri yake imelala chini ya keria, siti fupi.

"Amepanda?"

"Amepanda, baba."

"Miguu inafika chini?"

"Inafika."

"Vidole au kisigino?"

"Kisigino chote."

Mzee akashusha pumzi. "Aende mpaka kwenye mashimo, arudi, afunge breki ghafla."

Neli akaenda. Mzee alibaki na tairi zake ukutani, kichwa ameinamisha kama anavyokiinamisha Jumapili. Baiskeli iliporudi akainua kidole. "Kuna kitu kinagonga. Nyuma. Hiyo ni bearingi, sitaki."

Brenda akachuchumaa, akashikashika. "Si bearingi, baba. Ni waya wa madigadi umelegea." Akachukua bisibisi yake akaukaza, akaizungusha tena.

Mzee akasikiliza. "Ndiyo. Umenishinda."

Wakafunga gunia la mchele, Neli akaenda tena akarudi. Mzee akauliza habari za maji. Brenda akampimia kwa kiganja chake mwenyewe na kumwambia betri iko juu ya maji ya magotini, mota ni ileile. Akauliza tyubu. Akauliza ufunguo. Mwishoni hakuwa na swali jingine.

Ndipo Neli akamgeukia Brenda.

"Dada, mwambie baba kosa halikuwa lake. Mimi ni mfupi kweli. Aliko alikuwa akinicheka. Kila akinipakia alikuwa ananinyanyua ananiweka nyuma, anasema anapakia debe la mchele, halafu anauliza kama debe limejaa au apunguze. Mpaka barabarani watu wanatuangalia."

Brenda akafungua mdomo ayapeleke maneno, lakini yalikuwa yameshafika.

Mtu huwa mmoja mbele ya baba yake na mwingine mbele ya mkewe. Aliko ambaye mzee alimjua alikuwa kijana wa kujibu "ndiyo baba" na "hapana baba", na baadaye kijana aliyenunua pikipiki kimyakimya. Huyu wa debe la mchele hakuwahi kuletwa kwake. Tangu mazishi, watu walimletea mzee habari nyingi za jinsi Aliko alivyokufa.

"Muulize," akasema. Akakohoa, akaanza upya. "Muulize, alikuwa anacheka sana?"

"Sana," Neli akasema, naye akasahau kumpa Brenda neno lake. "Nyumbani alikuwa anacheka sana, baba."

Mzee alishika tairi mojawapo pale ukutani kwa mikono miwili, akaibana, kama kawaida ya mtu anayepima upepo. Brenda alijifanya anatafuta nati sakafuni. Neli alikuwa ameinama juu ya usukani, kanga imemfunika uso wote, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mtu aliyepita nje angeona duka lenye watu watatu wanaofanya kazi tatu tofauti.

Kisa alipoingia kuuliza kama wamemaliza, mzee alisema, bado akiwa ameuelekea ukuta, "Mimi nimemaliza ya betri, breki na maji. Hayo mengine ni ya mwenye safari. Mama Aliko, mwambie achague mwenyewe."

"Amesikia," Kisa akasema.

"Nachukua hii," sauti nzito ikasema.

Asubuhi iliyofuata nguo za Raphaeli zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa, zinachuruzika maji. Mzee alikuwa barazani, kiti amekielekeza migombani. Baiskeli za umeme hazina kelele, na ardhi ilikuwa imelowa, kwa hiyo hata kokoto hakuzisikia. Alisubiri. Akamwita mkewe aliyekuwa uwanjani na ufagio.

"Mama Aliko. Hajaondoka tu?"

"Ameshapita."

"Amekaa vizuri?"

Kisa akatazama barabara ya Matema, mpaka pale inapopinda. "Amekaa vizuri," akasema. "Amesimama pale kwenye kona, wanapita mbuzi. Ameweka miguu chini."